Matundu Upande wa Kushoto

Kanuni ya kwanza tuliyofundishwa haikuhusu kulenga wala kupiga. Ilihusu kutoaminiana.

Ndugu Fausto Zeledón, mkufunzi aliyetumwa kwetu na jeshi, alisimama mbele ya wanawake wa ushirika katika kibanda kile kile ambamo miaka michache nyuma tulikuwa tumejifunza kusoma. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Aliinua bunduki kuukuu, akavuta komeo lake nyuma, akatuonyesha chemba ya risasi iliyo tupu.

"Mwenzako akikupa hii akakwambia haina kitu, unafanya nini?"

"Namshukuru," alijibu Ermelinda Blandón, na benchi zima likacheka.

"Unavuta komeo. Unatazama. Halafu unatia kidole humu, unapapasa. Macho yanadanganya, ulimi unadanganya. Kidole hakidanganyi. Hata aliyekupa awe mama yako mzazi."

"Mama yangu hapana, ndugu. Mama mkwe, huyo nitapapasa kwa mikono yote miwili."

Ermelinda ni komadre wangu, maana nilimsimamia binti yake ubatizo, na nilifurahi kumsikia akitania. Tangu mwezi wa Desemba hakuwa ametania hata mara moja. Mwezi huo lori la ushirika wetu wa El Jilguero lilichomwa moto kivukoni na watu wanaoingia kutoka ng'ambo ya mpaka, wale ambao wengi wao walikuwa askari wa Gwardia kabla dikteta hajakimbia nchi. Dereva aliyeungua humo akafa alikuwa kaka yake Ermelinda. Siku ya safari ilikuwa imebadilishwa jioni ya kuamkia safari yenyewe, tena ndani ya mkutano wa wanachama na wachumaji peke yao. Kwa hiyo kulikuwa na mtu aliyewapelekea habari, na mtu huyo alikula maharage ya sufuria moja na sisi. Wanaume walio wengi walikuwa wameitwa vitani. Ndiyo sababu wanawake tulifundishwa bunduki, na ndiyo sababu mimi, Bernarda Úbeda, ambaye watu huniita doña Nanda, nilichaguliwa kuwa mwenyekiti wa ulinzi. Kazi yangu ilikuwa kutazama watu. Niliifanya kwa moyo wote.

Na mtu niliyemtazama kuliko wengine wote alikuwa Leocadia Rizo.

Alikuwa amefika mwezi mmoja kabla ya lori kuchomwa, akiwa na binti mdogo mgongoni na furushi moja la nguo. Alisema kijiji chake kilichomwa, mume wake amekufa, naye anatafuta kazi ya kuchuma kahawa. Tulimpa chumba kwenye bweni la wachumaji. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Asubuhi ile ya kwanza Fausto alimuuliza kama alikuwa amewahi kushika bunduki.

"Hata ya kuchezea sijawahi," alisema.

Fausto akampa. Leocadia akaipokea, akageuza mtutu chini, pembeni, mbali na watu; kisha akasimamisha kitako juu ya kiatu chake badala ya kukiweka kwenye tope. Hakuna aliyekuwa amefundishwa jambo hilo. Sisi wengine wote tulizisimika zetu topeni kama majembe. Niliona, nikaliweka moyoni.

Mafunzo yalifanyika bondeni, nyuma ya kinu cha kumenyea kahawa, mahali ambapo ukingo wa udongo ungezuia risasi. Fausto alitupanga wawili wawili, kila jozi na bunduki yake moja, na jozi hizo ndizo ambazo baadaye zingekaa pamoja lindoni. Leocadia alipangwa na binti yangu Marlén. Zamu yao ingeanza Jumatatu baada ya mafunzo kumalizika, na lindo lao lingekuwa kivukoni, pale pale lilipochomwa lori. Basi mtu aweze kuelewa hali yangu: mwanangu wa pekee angelala ndani ya shimo moja la lindo, bega kwa bega, na mwanamke ambaye sikujua anatoka wapi.

Tulianza na kulala kifudifudi. Mwili uelekee pembeni kidogo, miguu itanuliwe, visigino vilale chini visije vikapigwa. Kiwiko cha kushoto kiwe chini ya bunduki, na shavu lilale juu ya kitako kama mtoto aliyelala begani.

"Ndugu Fausto," aliita Ermelinda kutoka chini, "kwa tumbo hili, mimi mtutu wangu unatazama mbinguni."

"Basi utalinda dhidi ya ndege, doña."

Kupiga goti kulitushinda mwanzoni, kwa sababu kila mmoja aliweka kiwiko juu ya mfupa wa goti, na mfupa juu ya mfupa huteleza. Ilibidi kiwiko kisogezwe mbele kidogo, penye nyama. Kuketi kulituvutia zaidi. Sisi ni watu wa miteremko, tumezoea kuketi tukiwa tumekaza visigino ili tusiporomoke na vikapu vyetu. Fausto alitusifu kwa hilo, akasema wanajeshi wa kutoka uwandani huketi kama viazi. Kusimama, alisema, ni kwa mtu asiyepata nafasi nyingine, na siku hiyo amwombe Mungu.

Kisha kulenga. Nyuma ya mtutu kuna pengo. Kwenye ncha yake kuna kijino cha chuma kilichosimama. Kijino kikae katikati ya pengo, na juu yake kikae kifua cha adui. Unatoa nusu ya pumzi, unaizuia, unakandamiza kifyatulio polepole kama unayekamua jipu la mtoto. Shabaha zetu zilikuwa magunia ya kahawa yaliyochorwa mtu kwa mkaa na kupigiliwa juu ya mbao pana, ili hata risasi iliyokosa gunia iache tundu ambalo mkufunzi ataweza kulisoma.

Tulipopiga kwa mara ya kwanza, matundu yangu yalikuwa kila mahali: moja gotini, moja juu ya kofia, moja sijui lilikwenda wapi. Ya Ermelinda yalikuwa mabaya kuliko yangu. Marlén alipiga kifuani. Nilijivuna, sioni haja ya kuficha. Risasi za Leocadia, aliyetumia bunduki ile ile ya Marlén, zilipita zote kushoto kwa bega la mtu wa mkaa, zikatoboa ubao mtupu.

Wiki iliyofuata mambo yalikuwa yale yale. Na wiki iliyofuata tena. Alale, aketi, apige goti, matundu ya Leocadia yalikuwa kushoto kwa bega, yamekaa karibu karibu. Mkate mmoja wa tortilla ungeyafunika yote.

Fausto aliniita kando. "Umeona, doña Nanda?"

"Nimeona."

"Bunduki ni moja. Siku ya kuileta niliipiga mwenyewe, ilikuwa safi. Binti yako anaingiza kifuani. Huyu anapiga upepo. Sasa kosa ni la bunduki?"

"Si la bunduki."

"Kuna mtu hapa hataki kujua kupiga," alisema. "Au hataki tujue kama anajua."

Nilimweleza lililokuwa likinisumbua. Tulipokuwa tukijifunza kusoma, nilimwambia, mtu asiyejua herufi alikosea kila mahali, leo hivi, kesho vile. Lakini mtu aliyekosea mahali pamoja tu, na kwa namna moja kila siku, huyo tuligundua kwamba alikuwa amefundishwa na mtu mwingine kabla ya kuja kwetu.

Fausto aliutazama ubao wa Leocadia. "Jumapili kuna mkutano. Wataamua nani anakaa na nani anapelekwa mjini akahojiwe. Watakuuliza wewe, na utakalosema ndilo litakalokuwa."

Ermelinda hakungoja Jumapili. Mchana ule, tulipokuwa kwenye foleni ya maharage, alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Wengine hawawezi kulenga vifua, jamani. Wanaogopa kupiga mashemeji."

Wanawake walicheka. Leocadia alimpulizia mwanawe chakula, hakuinua macho. Nilijiambia kwamba mtu asiye na hatia angejibu.

Nilimfuata mtoni, alikokuwa akifua. Binti yake mdogo alikuwa akipanga mawe kandoni. Nilianza kufua kitambaa ambacho hakikuwa kichafu.

"Doña Nanda, hicho kitambaa ukikisugua zaidi kitakwisha," alisema.

"Kitakwisha chenyewe. Wewe unalenga wapi, Leocadia?"

"Kifuani. Kama alivyosema ndugu Fausto. Kijino katikati, kifua juu yake."

"Na risasi zinakwenda kushoto."

"Zinakwenda kushoto."

"Kabla hujaja huku ulikuwa umeshika bunduki?"

"Nilishasema sijawahi."

Aliendelea kufua, lakini mikono yake ilibadilika mwendo. Kisha akauliza, kana kwamba jambo hilo limempitia tu kichwani, "Ile bunduki yetu, mchana hukaa na Marlén?"

"Huichukua shambani. Ndiyo amri, anayechuma karibu na kivuko awe na silaha. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Damu ilinipanda. Nilielewa kwamba mwanamke huyo alikuwa akitafuta mtu wa kumtwisha mzigo wake, na kwamba alikuwa amemchagua mwanangu. "Sikiliza," nilimwambia. "Jina la mwanangu usilitie katika mambo yako."

"Sikulitia, doña."

"Umelitia sasa hivi."

Nilikikamua kitambaa changu, nikaondoka. Njiani nilikuwa nimekwisha kuyapanga maneno ya Jumapili, yote, tangu kitako juu ya kiatu hadi matundu ya kushoto. Nilikuwa na hakika. Niliporudi nyumbani nilimkuta Marlén akipangusa bunduki yake kwa kipande cha shati, akiimba, nami nikamwambia kwamba lindoni hatakaa na yule mwanamke, kwa sababu Jumapili nitasema.

Aliacha kuimba. "Watampeleka mjini? Na mtoto?"

"Na mtoto."

"Lakini mama, kukosa shabaha tu..."

"Anakosa makusudi. Wewe unapiga kwa bunduki hiyo hiyo, unaingiza."

Marlén aliinama akaendelea kupangusa ncha ya mtutu, mahali ambapo palikwisha kuwa safi. Ninamjua mwanangu. Anapokuwa mkweli, hubishana hadi chakula kipoe. Usiku ule alikula kimya, na mimi nikalala na shaka mpya ambayo sikuitaka, kwa sababu ilikuwa imeingia ndani ya nyumba yangu.

Jumamosi ilikuwa siku ya mwisho ya mafunzo. Zamu yangu ilipofika, nilimwomba Fausto anipe bunduki ya Marlén.

"Yako ina nini?"

"Haina kitu. Nataka hiyo."

Marlén alikuwa ameishika kifuani. Aliniletea polepole mno, na aliponikabidhi akasema, "Haina risasi, mama." Nilivuta komeo, nikatazama, nikatia kidole.

"Mwanao huyo, komadre!" Ermelinda aliguna. "Kweli umefuzu."

Nililala chini. Nilifanya kila kitu kama nilivyofundishwa, hata vile ambavyo kwa kawaida nilivisahau. Nililaza visigino. Niliweka shavu. Kijino kilikaa katikati ya pengo, kifua cha mkaa kikakaa juu ya kijino, nikatoa nusu ya pumzi, nikakandamiza. Nilirudia hadi risasi zangu zikaisha.

Fausto alikwenda kutazama. Aliyagusa matundu kwa kidole, moja moja, kisha akageuka.

"Kushoto," alisema. "Zote kushoto."

"Eh! Na wewe umehamia upande wa pili, komadre?" alisema Ermelinda, lakini safari hii hakuna aliyecheka, naye mwenyewe aliziba mdomo.

Nilivuta komeo nikaliacha wazi, nikaigeuza bunduki, nikatazama ile ncha iliyokuwa imepanguswa sana. Kijino hukaa ndani ya mfereji mdogo wa chuma. Kilikuwa kimesukumwa kulia, kiasi cha unene wa punje ya mchele, na ubavu wake ulikuwa na mkwaruzo mweupe unaong'aa. Ndani ya mfereji, ambamo kitambaa hakikufika, kulikuwa na kitu cha kijani kilichokauka. Nilikichokoa kwa ukucha. Lilikuwa gome la tawi la kahawa.

Mchumaji yeyote wa milimani kwetu angeelewa. Mibuni ya karibu na kivuko ni ya zamani, mirefu kupita kimo cha mtu, na matunda mazuri yako juu. Huyachumi mpaka uvute tawi chini kwa fimbo ya ndoano. Fimbo hiyo hubebwa kwa mkono. Lakini mtu aliyekwisha kupewa bunduki, kikapu na kibuyu cha pinol, uji mwepesi wa mahindi, fimbo huiacha nyumbani. Na akiilaza bunduki ubavu, kijino cha ncha hushika tawi vizuri sana.

Nilimshika Marlén mkono, tukaenda nyuma ya kinu.

"Unalenga wapi wewe?"

"Mama..."

"Nimekuuliza unalenga wapi."

"Mkono wa kulia," alisema. "Pale gunia linapoishia. Nikilenga pale ndiyo inaingia kifuani."

"Tangu lini?"

"Tangu mara ya kwanza. Niliona risasi ya majaribio imekwenda kushoto, nikasogeza lengo." Alianza kulia. "Nilivuta matawi mawili matatu tu, mama. Kila mtu kule anavuta na chochote. Fausto alisema atakayeharibu silaha ataondolewa, atapelekwa jikoni. Na mimi ndiye ninayepiga kuliko wote!"

"Ndiye unayepiga kuliko wote," nilirudia. "Na mwenzako je? Ulimwona kila wiki akilenga kama alivyoambiwa, akikosa, watu wakimtemea maneno. Hukumwambia asogeze?"

"Nilitaka kumwambia. Halafu mkaanza kusema ni msaliti, nikaogopa. Nikaona labda kweli ni msaliti, kwa hiyo haidhuru."

Sikumpiga. Nilikaa juu ya jiwe la kinu. Neno lile, msaliti, lilikuwa langu. Alilipata mezani kwangu.

Fausto alikijua chanzo kabla sijamweleza. Alikuwa amekwisha kukirudisha kijino mahali pake kwa msumari na jiwe, akikigonga kidogo kidogo na kutazama. Aliniita kwenye ubao. Karibu na matundu ya zamani ya Leocadia yalikuwepo yangu mapya.

"Unaona nini, doña?"

Niliona. Yangu yalikuwa yametawanyika upande wa kushoto kama kuku waliotishwa. Yake yalikuwa yamekusanyika mahali pamoja, wiki baada ya wiki, awe amelala au ameketi. Kijino kilichosogea kilieleza kwa nini risasi zilikwenda kushoto. Hakikueleza kwa nini zilikwenda pamoja.

"Huyu mwanamke," alisema Fausto kwa sauti ya chini, "anapiga kuliko mimi."

Basi hivyo ndivyo nilivyopoteza hakika niliyokuwa nayo, nikapata shaka mbili mahali pake. Nilimkuta Leocadia bwenini, akichambua maharage mlangoni. Sikuketi.

"Bunduki ilikuwa mbovu," nilimwambia. "Marlén alikisogeza kijino, akaficha. Nakuomba radhi kwa hilo."

Aliinamisha kichwa. "Nashukuru, doña."

"Ulijua. Mtoni uliniuliza, kwa sababu ulijua."

Vidole vyake vilisimama ndani ya maharage.

"Ulijua tangu risasi za kwanza," niliendelea. "Ungeweza kusogeza lengo kama mwanangu."

"Ningesogeza ningeingiza kifuani," alisema. "Halafu mngeniuliza nimejifunzia wapi kusogeza lengo. Nikaona afadhali nilenge kama nilivyoambiwa, nikose kama mjinga."

"Mjinga hakosi hivyo. Mjinga anakosa kila mahali."

"Hilo sikulifikiria." Alitabasamu kidogo, tabasamu lisilofurahi. "Mikono haijui kujifanya."

"Nani alikufundisha?"

Alimtazama mwanawe, aliyekuwa amelala juu ya gunia, kisha akanitazama mimi. "Mume wangu. Tulikuwa tukiwinda kulungu, kwetu mtoni, tulipokuwa vijana. Alikuwa Gwardia, doña Nanda. Alipokimbilia ng'ambo nilikuwa na mimba ya huyu. Nilikataa kwenda."

"Ulisema amekufa."

"Sijui kama amekufa. Sina habari yake, wala yeye hana yangu. Ningesema hivyo pale mlangoni kwenu siku ile nilipofika, mngenipa chumba?"

Ningependa kuandika kwamba nilisema ndiyo. Badala yake nilimuuliza habari za lori, kama yeye ndiye aliyepeleka taarifa. Akasema hapana. Nilimtazama mikono, kwa kuwa alikuwa amesema mikono haijui kujifanya, nayo ilikuwa imetulia. Lakini nilikuwa nimekwisha kumwona akitulia na kusema uongo.

"Kesho," nilisema, "habari ya bunduki nitaisema mimi. Hiyo nyingine ni yako. Usipoisema, nitaisema."

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, baada ya sala. Nilisimama nikasimulia yote kuhusu kijino na tawi, na jina la mwanangu nikalitaja. Marlén alikuwa mbele kabisa, amefunika uso. Watu waliguna, wengine walianza kumpigia Leocadia makofi, wakidhani mambo yamekwisha. Ndipo alipoinuka yeye mwenyewe, mtoto kiunoni, akasema mume wake alikuwa nani.

Makofi yalikatika.

"Huenda ndiye aliyemchoma kaka yangu," alisema Ermelinda. Hakupaza sauti. "Huenda ni yeye, na mke wake tunamlisha sisi."

"Huenda," alisema Leocadia. "Siwezi kukuapia kwamba siye, doña. Ninaweza kukuapia kwamba mimi siye."

Walibishana mpaka jua likatutoa uwanjani, tukahamia chini ya paa la ghala. Wengine walitaka apelekwe mjini jioni ile ile. Wengine walisema kama angekuwa na nia mbaya, angeingiza risasi kifuani na kupendwa. Mwisho Fausto aliuliza swali ambalo sote tulikuwa tukilizunguka.

"Huyu ndiye mpigaji bora mliye naye, na kivuko hakina mtu. Anaweza kubaki, iwapo mtu atakubali kulala shimo moja naye. Marlén anakwenda jikoni. Nani anakubali?"

Wanawake walitazama miguu yao. Nilimtazama Ermelinda, naye akanitazama, na macho yake yalikuwa yakiniomba ninyamaze. Niliwaza mwanangu aliyeficha. Niliwaza mwanamke aliyeficha. Niliwaza kwamba mimi ndiye niliyekuwa tayari, kwa hakika kamili, kumpeleka mama na mtoto wake mahali ambapo huenda wasingerudi, kwa ushahidi wa bunduki iliyotumika kama fimbo ya ndoano.

"Mimi," nilisema.

Ermelinda aliniambia neno moja ambalo sitaliandika. Hajanitembelea tangu siku hiyo, na binti yake niliyemsimamia ubatizo hupita upande wa pili wa njia.

Jumatatu alfajiri tulishuka kivukoni. Mabaki ya lori bado yalikuwa pale, yamekwisha kuota majani. Shimo letu lilikuwa chini ya mibuni mirefu, na matunda yaliyoiva yalining'inia juu ya vichwa vyetu; hakuna aliyeyagusa. Leocadia alilala kifudifudi upande wa kulia, mwili ukielekea pembeni, visigino vikiwa chini, shavu juu ya kitako, akatulia kama aliyezaliwa hivyo. Mimi nilitazama njia. Kisha nilimtazama yeye. Kisha njia.

"Doña Nanda," alisema bila kugeuka, "ukinitazama mimi, nani anatazama upande wako?"

"Nitazame wapi ni juu yangu."

"Sawa."

Jua lilipotoka tulibadilishana zamu. Alivuta komeo, akatoa risasi, akazipanga juu ya kitambaa mbele yangu ili nizione. Akanikabidhi bunduki mtutu ukitazama mtoni, komeo likiwa wazi.

"Haina kitu," alisema.

Niliipokea, nikasimamisha kitako juu ya kiatu changu. Nilitazama ndani ya chemba. Kisha, huku akiniangalia, nikatia kidole, nikapapasa hadi mwisho.

Hakukasirika. Alitikisa kichwa kukubali, kama mwalimu aliyeridhika na mwanafunzi wake, akajifunika mtandio usoni, akalala usingizi.